Kanuni za Lebo za Vyakula Vyenye Viambato Vilivyobadilishwa Vinasaba na Soko la Kupima: Mfano wa Kibiti na Delta ya Rufiji

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kanuni zinazotawala uwekaji wa lebo kwenye vyakula vyenye viambato vilivyobadilishwa vinasaba, kisha yanazipima kanuni hizo kwa kuzilinganisha na namna chakula kinavyouzwa Kibiti na katika delta ya Rufiji, mkoani Pwani. Uchambuzi umejikita katika matini za kisheria za kimataifa, za nchi jirani na za Tanzania. Hoja kuu ni kwamba lebo imefungamanishwa na kifungashio, ilhali sehemu kubwa ya chakula katika maeneo hayo humfikia mlaji kikiwa kimekwisha kutolewa kwenye kifungashio chake. Kwa sababu hiyo, haki ya mlaji ya kujua huishia mikononi mwa muuzaji wa jumla. Makala yanaonesha kwamba suluhisho la pengo hili lipo tayari katika sheria za Ulaya na Marekani, na kwamba Tanzania inaweza kulichukua iwapo kwanza itasanifisha istilahi zitakazotumika kumweleza mlaji kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji, inabeba sehemu kubwa ya delta ya Mto Rufiji. Delta hiyo ina takribani hekta 53,000 za mikoko, na vijiji vyake vingi, kama vile Mbwera, Salale na Kiongoroni, hufikiwa kwa boti, mashua au mtumbwi. Wakazi wake hulima mpunga, minazi na mikorosho, huvua kamba na samaki, na hununua dukani kile ambacho shamba na maji havitoi: mafuta ya kupikia, sukari, chumvi, unga, nyanya za kopo na biskuti za watoto.

Swali la viambato vilivyobadilishwa vinasaba linaanzia katika kundi hili la pili. Mpunga wa bonde la Rufiji haumo katika mjadala huu kwa maana ya moja kwa moja, kwa kuwa Tanzania haijaruhusu kilimo cha kibiashara cha zao lolote lililobadilishwa vinasaba. Hata hivyo, mipaka ya biashara haifuati mipaka ya mashamba. Soya, mahindi, pamba na kanola ndiyo mazao makuu yanayolimwa kwa mbegu za namna hiyo duniani, hususan Marekani, Brazili na Ajentina, na mazao hayo huingia katika vyakula vya viwandani kwa sura ambazo jicho halizitambui: lesithini ya soya ndani ya chokoleti na biskuti, wanga wa mahindi ndani ya supu za paketi, na mafuta ya soya ndani ya mchanganyiko wa mafuta ya kula.

Mlaji hawezi kuvitambua viambato hivyo kwa kuonja, kunusa wala kutazama. Njia pekee aliyo nayo ni kuambiwa. Sheria za nchi nyingi zimeteua lebo kuwa ndiyo njia ya kumwambia. Makala haya yanauliza iwapo njia hiyo inamfikia mlaji wa Kibiti na wa delta, na kama haimfikii, inakatikia wapi.

2.0 Istilahi na Mkanganyiko Wake

Kabla ya kuchambua kanuni, ni muhimu kutofautisha dhana nne ambazo katika mazungumzo ya kila siku, na wakati mwingine katika vyombo vya habari, hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Dhana ya kwanza ni mbegu iliyoboreshwa. Hii ni mbegu iliyopatikana kwa kuchagua na kuzalisha mimea yenye sifa zinazotakiwa. Mfano unaofahamika kwa wakulima wa mpunga ni SARO 5, yaani TXD 306, iliyozalishwa nchini kwa njia ya kawaida ya kupandanisha mimea. Haina vinasaba vilivyopandikizwa maabarani.

Dhana ya pili ni mbegu chotara, yaani uzao wa kwanza wa jamii mbili tofauti za zao moja. Mahindi mengi yanayouzwa madukani kama mbegu ni ya aina hii. Mkulima akiyarudia kama mbegu msimu unaofuata, mavuno hupungua na mimea hutofautiana, na jambo hili limewafanya wengi wadhani kwamba chotara na mbegu iliyobadilishwa vinasaba ni kitu kimoja. Sivyo. Uchotara ni matokeo ya uchavushaji. Hauhitaji kupandikiza kinasaba kutoka kiumbe kingine.

Dhana ya tatu ni chakula kilichorutubishwa, yaani kilichoongezwa vitamini au madini wakati wa kusindikwa. Tanzania ilitunga kanuni za urutubishaji mwaka 2011, zinazogusa unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Vitamini A iliyomo katika mafuta ya dukani imeongezwa kiwandani. Haikutokana na kubadili mmea.

Dhana ya nne, ambayo ndiyo mada ya makala haya, ni kiumbe kilichobadilishwa vinasaba: kiumbe ambacho vinasaba vyake vimeongezwa, kuondolewa au kurekebishwa kwa bayoteknolojia ya kisasa, kwa namna isiyotokea kwa uzazi wa kawaida. Kiambato kilichobadilishwa vinasaba ni kile kinachotokana na kiumbe hicho, kiwe bado kina vinasaba vyake au la.

Gharama ya kutotofautisha dhana hizi ilidhihirika mwaka 2024, pale Marekani ilipotoa mchele uliorutubishwa kwa ajili ya shule za mkoa wa Dodoma. Serikali ilisisitiza kwamba fedha za msaada wa namna hiyo zingefaa kununulia mchele na maharage ya wakulima wa ndani. Hoja hiyo ilikuwa ya kiuchumi na ya kisera. Lakini katika mjadala wa umma uliofuata, neno kurutubishwa lilichukuliwa na baadhi ya wachangiaji kuwa sawa na kubadilishwa vinasaba. Lebo yoyote inayotegemea msomaji ambaye hajapewa maneno ya kutenganisha mambo haya mawili itasomwa visivyo, hata kama imeandikwa kwa usahihi.

Tatizo linaongezeka kwa sababu baadhi ya matini za Kiswahili hutumia kitenzi boresha kwa dhana ya kwanza na ya nne kwa pamoja: mbegu iliyoboreshwa kwa upande mmoja, na chakula kilichoboreshwa kijenetiki kwa upande wa pili. Kwa mkulima wa Kibiti aliyehimizwa na bwana shamba kutumia mbegu iliyoboreshwa, istilahi ya pili haina onyo wala maelezo. Inasikika kama sifa.

3.0 Msingi wa Kisheria

3.1 Ngazi ya kimataifa

Matini mbili ndizo zinazorejelewa zaidi. Ya kwanza ni Itifaki ya Cartagena kuhusu Usalama wa Bayoteknolojia, iliyopitishwa mwaka 2000, ikaanza kutumika Septemba 2003, na ambayo Tanzania ilijiunga nayo mwaka huohuo wa 2003. Ibara ya 18 ya Itifaki inataka shehena ya viumbe hai vilivyobadilishwa vinasaba kwa ajili ya chakula, malisho au usindikaji iambatane na hati inayoeleza kwamba huenda ina viumbe hivyo. Mkutano wa nchi wanachama uliofanyika Curitiba, Brazili, mwaka 2006 ulikubaliana kwamba pale ambapo utambulisho wa viumbe hivyo unajulikana, hati iseme wazi kwamba shehena inavyo.

Mambo mawili yanastahili kusisitizwa. Mosi, hati hiyo ni ya msafirishaji na mpokeaji wa mzigo. Si lebo ya mlaji. Pili, Itifaki inahusu viumbe hai, yaani vinavyoweza kuzaliana au kurithisha vinasaba vyao. Punje ya mahindi ni kiumbe hai kwa maana hiyo. Unga wa mahindi haumo, na mafuta ya soya hayamo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile kinachofika dukani iko nje ya wajibu huo wa hati tangu mwanzo. Tofauti hiyo si ya kinadharia tu. Mwaka 2002, wakati wa ukame kusini mwa Afrika, Zambia ilikataa kabisa mahindi ya msaada yaliyobadilishwa vinasaba, ilhali baadhi ya majirani zake walikubali kuyapokea mradi yawe yamesagwa.

Matini ya pili ni miongozo ya Tume ya Codex Alimentarius. Baada ya majadiliano ya takribani miongo miwili, mwaka 2011 Tume hiyo ilitoa mkusanyo wa matini zake zinazohusu lebo za vyakula vitokanavyo na bayoteknolojia ya kisasa. Mkusanyo huo haukuweka wajibu mpya. Ulikiri kwamba nchi zinatofautiana, na ukaziachia zichague, mradi lebo isimpotoshe mlaji. Kwa maneno mengine, hakuna kanuni moja ya dunia ambayo Tanzania inaweza kuinakili. Kila nchi imelazimika kuamua.

3.2 Nchi nyingine

Jedwali Na. 1 linaonesha uamuzi wa mamlaka nne.

Jedwali Na. 1: Viwango vya kuweka lebo

| Mamlaka | Msingi wa kisheria | Kiwango |
|---|---|---|
| Umoja wa Ulaya | Kanuni Na. 1829 na 1830 za 2003 | 0.9% |
| Kenya | Kanuni za lebo za 2012 chini ya Sheria ya 2009 | 1% |
| Afrika Kusini | Kanuni za 2011 chini ya Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2008 | 5% |
| Marekani | Sheria ya 2016, utekelezaji wa lazima tangu 2022 | 5% |

Kenya inastahili kutazamwa kwa karibu kwa kuwa bidhaa zake za viwandani huuzwa Tanzania. Mwaka 2012 nchi hiyo ilitunga kanuni za lebo, na mwezi Novemba mwaka huohuo Baraza la Mawaziri likapiga marufuku uingizaji wa vyakula hivyo. Kwa miaka kumi kanuni ya lebo ilikuwapo bila bidhaa halali ya kubandikwa. Marufuku hiyo iliondolewa Oktoba 2022, na tangu hapo suala limekuwa likishindaniwa mahakamani.

3.3 Tanzania

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ndiyo iliyoweka wajibu wa jumla wa kuzuia madhara yatokanayo na viumbe vilivyobadilishwa vinasaba. Chini yake zilitungwa Kanuni za Usalama wa Bayoteknolojia za mwaka 2009, zinazotaka kibali kabla ya kuingiza, kusafirisha au kutumia viumbe hivyo na mazao yake, na zinazotaka vitambulishwe wakati wa kufungashwa na kusafirishwa. Ofisi ya Makamu wa Rais ndiyo iliyopewa dhamana ya uratibu wa kitaifa.

Kwa upande wa chakula, usimamizi ulikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2003. Mwaka 2019 jukumu la usalama wa chakula lilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, kinaorodhesha mambo ambayo kila lebo inapaswa kuwa nayo: jina la chakula, orodha ya viambato, uzito, mtengenezaji, nchi kilikotoka, tarehe na maelekezo ya matumizi. Jina lenyewe la kiwango hicho linaonesha mpaka wake, kwani kinahusu vyakula vilivyofungashwa kabla ya kuuzwa.

Sera ya kilimo imekuwa ya tahadhari zaidi kuliko kanuni zenyewe. Mwaka 2016 jaribio la mahindi yanayostahimili ukame lilipandwa katika eneo maalumu la Makutupora, Dodoma. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliagiza majaribio yasimamishwe, na mwanzoni mwa 2021 Waziri wa Kilimo alitangaza kusitishwa kwa utafiti huo. Matokeo yake ni kwamba nchi haina zao lake lenyewe la kuwekea lebo. Suala la lebo nchini Tanzania, kwa hiyo, ni suala la bidhaa zinazoingia kutoka nje, na hatima yake hutegemea mnyororo wa biashara kuanzia bandarini hadi kijijini.

4.0 Kiwango, Kipimo na Maana ya Asilimia

Asilimia zilizomo katika Jedwali Na. 1 hufasiriwa vibaya mara kwa mara. Kiwango cha 0.9% cha Ulaya hakimaanishi kwamba chakula kinaweza kuwekwa kwa makusudi 0.9% ya kiambato kilichobadilishwa vinasaba bila kutajwa. Kinahusu kuwamo kwa bahati mbaya au kusikoepukika kiufundi, mathalani punje zilizobaki katika ghala au lori lililotumika awali kwa shehena nyingine. Aidha, kinapimwa kwa kila kiambato peke yake, si kwa chakula chote.

Mfano unaweza kulifafanua jambo hili. Tuseme biskuti zenye uzito wa gramu 100 zina gramu 2 za unga wa soya, na kati ya hizo nusu gramu imetokana na soya iliyobadilishwa vinasaba. Ukipima kwa kuangalia biskuti nzima, sehemu hiyo ni 0.5%, chini ya kiwango. Ukipima kwa kuangalia kiambato cha soya, ni 25%, juu ya kiwango kwa mbali. Kanuni ya Ulaya hufuata hesabu ya pili, na biskuti hizo zingelazimika kuwekewa lebo.

Upimaji hufanyika maabarani kwa mbinu ya kunakilisha vinasaba, maarufu kama PCR. Wataalamu hutafuta kwanza vipande vinavyotumiwa sana katika upandikizaji, kama vile kiwashi cha 35S kilichotokana na kirusi cha mimea ya jamii ya kabichi. Kikipatikana, hupimwa uwiano kati ya vinasaba vilivyopandikizwa na vinasaba vya asili vya zao husika.

Mbinu hii ina ukomo mmoja mkubwa: inahitaji vinasaba viwepo. Mafuta yaliyosafishwa vizuri hayabaki na vinasaba vinavyoweza kupimika, na sukari nyeupe vilevile. Hapa ndipo falsafa mbili za lebo zinapoachana. Ulaya huangalia asili: mafuta yaliyotokana na soya iliyobadilishwa vinasaba huwekewa lebo hata kama maabara haioni chochote, na uthibitisho ni nyaraka. Kila mfanyabiashara hutakiwa kumpa taarifa kwa maandishi yule anayemuuzia, na kuzitunza kwa miaka mitano. Marekani, kwa upande wake, ilijenga kanuni yake juu ya kile kinachoweza kugundulika, hivyo vyakula vilivyosafishwa hadi vinasaba visionekane viliachwa nje ya wajibu.

Hata Ulaya haikufika mwisho wa mnyororo. Nyama, maziwa na mayai ya wanyama waliolishwa soya au mahindi ya namna hiyo hayawekewi lebo.

Uchaguzi kati ya falsafa hizi mbili una uzito wa pekee Kibiti, kwa sababu bidhaa ya dukani inayoingia karibu katika kila chungu ni mafuta. Ni muhimu, hata hivyo, kutotia chumvi. Mafuta mengi yanayoingizwa Tanzania ni ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, na yale ya ndani hutokana na alizeti ya Singida, Dodoma na mikoa ya jirani. Hakuna michikichi wala alizeti iliyobadilishwa vinasaba inayolimwa kibiashara. Tui la nazi za delta nalo halimo. Suala linabaki kwa mafuta ya soya, ya mahindi, ya kanola na ya mbegu za pamba, pamoja na michanganyiko inayoyatumia. Mlaji mwenye lebo angeweza kutofautisha. Mlaji asiye na lebo hana budi ama kuamini yote au kuyashuku yote.

5.0 Lebo Inakatikia Wapi

Bidhaa iliyoshushwa bandari ya Dar es Salaam hupita kwa mwingizaji, kisha kwa maduka ya jumla ya Kariakoo, kisha kwa muuzaji wa Kibiti mjini au Bungu. Kwa vijiji vya delta kuna hatua nyingine: mzigo hushuka kwa barabara hadi Nyamisati au gati jingine, hupakiwa kwenye boti, na kupokewa na mwenye duka la kijijini. Mpaka hapo lebo bado ipo, imebandikwa kwenye dumu la lita 20, kwenye katoni au kwenye kiroba.

Lebo hukatika kwenye kaunta ya mwisho. Mnunuzi huja na chupa yake na kununua mafuta ya kupima kwa kiasi cha fedha aliyo nayo siku hiyo. Unga hupimwa kwa kilo au kwa kibaba. Biskuti hutolewa kwenye paketi na kuuzwa moja moja. Nyanya za kopo huchotwa kwa kijiko. Mama lishe anayepika chapati na maandazi hununua kwa njia hiyohiyo na kumuuzia mlaji mwingine aliye mbali zaidi na lebo. Dumu lenyewe, likiisha, huoshwa na kuwa chombo cha maji, likiwa bado na maandishi yasiyohusiana na kilichomo.

Mfumo huu haukutokana na uzembe wa wauzaji. Kununua kidogo kidogo ndiyo njia ya kaya yenye kipato cha siku kupata mahitaji yake, na bei ya chupa iliyofungwa kiwandani mara nyingi iko nje ya uwezo wa siku moja. Hivyo basi, kanuni inayoilinda chupa iliyofungwa humlinda zaidi mwenye uwezo wa kuinunua. Mlaji maskini, ambaye sheria za ulinzi wa mlaji zinamtaja kwa nadharia kuwa ndiye anayehitaji kulindwa, ndiye anayeachwa nje kwa vitendo.

Chakula cha msaada kina sura inayofanana. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliharibu mashamba na makazi Rufiji na Kibiti, na kaya nyingi zikahitaji kusaidiwa. Katika mazingira kama hayo, chakula hugawanywa kutoka kwenye viroba vikubwa kwa kipimo cha idadi ya watu wa kaya. Anayepokea hasomi kiroba. Ni vema kutambua pia kwamba hana chaguo la kweli: haki ya kujua bila uwezo wa kukataa ni nusu ya haki. Hata hivyo nusu hiyo ina thamani, kwa sababu nafaka nzima inaweza kuhifadhiwa kama mbegu na kaya iliyopoteza mbegu zake, ilhali unga hauwezi.

6.0 Mjadala

Kuna hoja tatu za kupinga lebo ambazo hazipaswi kupuuzwa.

Ya kwanza ni kwamba lebo hutia hofu pasipo sababu. Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa vyakula vya namna hiyo vilivyopo katika masoko ya kimataifa vimepitia tathmini za usalama, na haielekei kwamba vina hatari kwa afya. Lakini lebo si onyo. Orodha ya viambato humwambia mlaji kwamba chakula kina sukari au maziwa bila kumtisha. Kinachotia hofu zaidi ni kugundua baadaye kwamba kuna jambo halikusemwa.

Ya pili ni gharama. Kutenganisha maghala, kupima sampuli na kutunza nyaraka kunahitaji fedha, na gharama hiyo inaweza kuhamishiwa kwa mnunuzi. Hoja hii ina nguvu zaidi pale kiwango kinapokuwa cha chini sana, na inatoa sababu ya Tanzania kuchagua kiwango ambacho maabara zake zinaweza kukipima kwa uhakika.

Ya tatu ni kwamba soko lenyewe litaweka lebo za hiari za kutangaza kutokuwapo kwa vinasaba vilivyobadilishwa. Hapa pana mtego kwa wakulima wa mpunga wa Rufiji, ambao wanaweza kushawishika kufungasha mchele wao kwa maneno hayo. Ufilipino iliruhusu kilimo cha mpunga wa dhahabu mwaka 2021, na mwaka 2024 mahakama ya rufaa ya nchi hiyo ikabatilisha kibali. Tanzania haijawahi kutoa kibali cha namna hiyo. Miongozo ya Codex kuhusu madai ya lebo inalihesabu dai la kukosekana kwa kitu kuwa la kupotosha pale ambapo mlaji hatarajii kitu hicho kuwamo. Mchele wa Rufiji una sifa zake za kweli, na kuutangaza kwa kile ambacho mchele wa jirani pia hauna kungewatia shaka wanunuzi juu ya michele mingine yote bila sababu.

Swali linalobaki ni iwapo sheria inaweza kulifikia soko la kupima. Jibu limo katika kanuni zilezile za Ulaya. Kanuni Na. 1829 ya 2003 inaeleza kwamba chakula kinapouzwa kwa mlaji wa mwisho bila kufungashwa, taarifa sharti ioneshwe kwa kudumu na kwa kuonekana mahali chakula kilipowekwa au kando yake, kwa maandishi makubwa ya kutosha kusomeka. Marekani nayo inataka chakula kinachouzwa kutoka kwenye chombo cha jumla kiwe na taarifa hiyo kwenye chombo au kwenye bango lake. Katika nchi hizo kifungu hicho ni cha pembeni, kwa kuwa sehemu kubwa ya chakula huuzwa kikiwa kimefungashwa. Katika delta ya Rufiji kingekuwa kifungu kikuu.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala yameonesha kwamba kanuni za lebo hujengwa juu ya dhana tatu: kwamba chakula kina kifungashio, kwamba kifungashio kinamfikia mlaji, na kwamba mlaji anayajua maneno yaliyoandikwa. Kibiti na katika delta ya Rufiji, dhana ya kwanza ni kweli hadi kaunta ya mwisho, ya pili mara nyingi si kweli, na ya tatu haijatimizwa hata mjini. Kutokana na hayo, mapendekezo yafuatayo yanatolewa.

Kwanza, kanuni za chakula ziongezwe kifungu cha chakula kisichofungashwa, kinachomtaka muuzaji wa rejareja kuliweka dumu, katoni au kiroba halisi mahali ambapo mnunuzi anaweza kukiona hadi kilichomo kitakapokwisha. Sharti hili halimgharimu muuzaji chochote, na linafaa pia kwa taarifa za urutubishaji na tarehe ya mwisho ya matumizi.

Pili, kwa mafuta na bidhaa nyingine ambazo maabara haiwezi kuzibainisha, taarifa ya asili iandikwe kwenye ankara ya kila hatua, kuanzia kwa mwingizaji hadi kwa muuzaji wa jumla. Pasipo nyaraka hizo, msambazaji wa Bungu hawezi kulaumiwa kwa kutosema asichoambiwa.

Tatu, TBS na Baraza la Kiswahili la Taifa zisanifishe istilahi za lebo, na kitenzi boresha kiachiwe mbegu zilizozalishwa kwa njia ya kawaida pekee. Chakula kiitwe ama kilichorutubishwa au chenye kiambato kilichobadilishwa vinasaba, na maneno hayo yafundishwe shuleni na katika vipindi vya redio pamoja na maana zake.

Nne, chakula cha msaada kitanguliwe na tamko la mdomo katika mkutano wa kijiji, likieleza kilikotoka na kilichomo, na kama ni nafaka nzima, iwapo inafaa kupandwa au la.

Hatua hizi zinaweza kuchukuliwa bila kusubiri Tanzania iamue iwapo itaruhusu au itaendelea kukataa mazao yaliyobadilishwa vinasaba. Zinahusu chakula ambacho tayari kinapakuliwa Nyamisati na kupimwa dukani, na mnunuzi ambaye kwa sasa humuuliza muuzaji kilichomo na kupata jibu ambalo muuzaji mwenyewe hakupewa.